Nguruwe wa Bibi Wanakohoa

3 Juni

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Dereva wa gari la pumba amekubali kupita hapo kwa Mjomba kila anapokwenda mjini kupakia mzigo, kwa hiyo kuanzia leo yeye ndiye posta yetu. Najua ungependa nipige simu, lakini unanijua. Nikishika simu maneno yote yananikimbia, na wewe sikio lako halisikii vizuri, tungebaki tunaulizana "umesemaje" mpaka salio liishe. Kwenye karatasi naweza kusema.

Tangu uende kutibiwa kifua, banda limekaa kama ulivyoliacha. Nikiamka navaa koti lako la kazi, nachanganya pumba na mashudu, halafu nawasalimia wote mmoja mmoja kama ulivyonifundisha. Nachuchumaa, nampulizia nguruwe puani taratibu, nangoja na yeye anipulizie. Karani ananipulizia mpaka kamasi zinanirukia. Mhasibu hana muda na mimi, anaangalia ndoo. Mwenyekiti ndiye bado ananifanyia kiburi. Ananipulizia mara moja tu kisha anageuza uso, kama mtu aliyekatizwa mkutano. Tumbo lake limeshuka sana, na daktari wa mifugo anasema atazaa mwezi ujao.

Watu wakiniuliza kwa nini nguruwe wetu wana vyeo, nawajibu kama unavyojibu wewe: wanakaa, wanakula, na kazi hawafanyi.

Mimi nina mafua. Macho yanauma na mwili mzito. Jana nilishinda kitandani, lakini salamu niliamka nikazitoa, ndipo nikarudi kulala. Sijakosa hata asubuhi moja.

Mama anakusalimu. Bado anapita mbali na banda huku ameshika pua. Anasema harufu inaingia kwenye sare za shule anazoshona na wateja wanamtazama vibaya.

Mjukuu wako,
Spika asiyeongea


6 Juni

Mke mwenzangu Spika,

Marahaba. Barua yako imefika inanukia pumba, nimeilaza chini ya mto wangu. Mkamwana ameuliza chumba hiki kinanuka nini. Nimemwambia ni dawa ya kifua.

Huku nimefungwa kama mgeni wa heshima. Sakafu inang'aa mpaka naogopa kuikanyaga. Chumvi wananificha. Mjomba wako kila akirudi kazini ananiuliza nimepumuaje leo, utadhani kupumua ni kazi aliyoniachia asubuhi. Ananipenda, sikatai. Ila anapenda kama mtu anayefunga mzigo kwenye gari: anakaza kamba mpaka mzigo wenyewe unalia.

Daktari wa hospitali amesikiliza mapafu yangu mbele na nyuma. Anasema yamechoka. Nimemwambia hata mimi nimechoka, na uchovu huo hakuna aliyeuwekea chombo kuusikiliza.

Hayo mafua yako, jifunike vizuri na unywe maji ya moto yenye tangawizi na limau. Lakini salamu usiache. Nguruwe asiposalimiwa hununa, na Mwenyekiti akinuna na mimba yote ile, tumekwisha.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja. Kuna jambo nitakuambia tukiwa ana kwa ana.

Wako,
Bibi, mke mkubwa


10 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mafua yangu yameisha. Pumba imefika. Mvua imenyesha.

Nguruwe wapo. Wanapumzika sana siku hizi, nafikiri ni baridi. Nilitaka kuuliza mambo mawili, nauliza tu ili nijue. Umewahi kuwaona wakikohoa wote kwa pamoja? Na Mwenyekiti, aliwahi kukataa chakula?

Usiharakishe kuja. Pona kwanza. Mama naye anasema hivyohivyo.

Spika


12 Juni

Wewe msichana,

Barua yako ni fupi kama ya mtu aliyeandika amesimama mlangoni. Nimeigeuza nyuma kutafuta mengine, sikuona kitu. "Usiharakishe kuja." Nani huyo hutaki nimkute? Kama ni yule kijana wa mashine ya kusaga, mwambie nimemwona tangu zamani anavyokupimia unga mpaka unazidi, na unga uliomjaa usoni haumfichi. Kama ni mwingine, mwambie ajitayarishe, nitamhoji kwa kikao kizima na Mwenyekiti akiwa mezani.

Kukohoa ni vumbi la pumba. Loweka pumba kidogo kabla ya kumimina. Mwenyekiti hukataa chakula akiwa amekosewa adabu. Mwombe radhi, atakula.

Mimi Jumamosi nakuja, na hakuna wa kunizuia. Ijumaa uwaoshe wote vizuri, wapendeze. Usiniulize kwa nini.

Bibi yako


13 Juni

Bibi yangu,

Tafadhali soma hii ukiwa umekaa, na tafadhali usije Jumamosi.

Hakuna kijana. Kuna ugonjwa bandani.

Ulianza ghafla. Jioni walikula na kusukumana kama kawaida. Asubuhi nilipofungua hakuna aliyeinuka. Walikuwa wamelaliana pembeni, wanahema kwa tumbo, macho mekundu, kamasi zinatiririka. Nilipomsukuma Karani asimame, wote wakaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kubweka, nikadhani mbwa wameingia. Masikio yao yalikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Hata Mhasibu hakuitazama ndoo.

Nilifikiri ni ile homa inayomaliza banda zima. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, kisha nikamfuata daktari wa mifugo. Alikuja amevaa barakoa, akawapima joto, akapitisha pamba puani mwao na kuzitia kwenye vichupa akapeleka maabara. Majibu yametoka leo. Si ile homa. Ni mafua ya nguruwe. Anasema yakiingia yanawashika karibu wote kwa mpigo, lakini wengi huinuka baada ya wiki hivi, na wanaokufa ni wachache. Dawa ya kuyaondoa hana. Wanahitaji maji safi, malalo makavu, wasipigwe na upepo, na wasilazimishwe kusimama. Nimewatandikia maranda ya mbao mpaka magotini. Anayemtia wasiwasi ni Mwenyekiti, kwa sababu homa kali inaweza kuharibu mimba.

Halafu akaniuliza nani hapa nyumbani aliumwa kabla ya nguruwe. Nikasema mimi. Akauliza kama niliwakaribia. Nikamwonyesha tunavyowasalimia. Alianza kucheka, kisha akaacha. Akaniambia mafua ya watu huweza kuwaingia nguruwe, na ya nguruwe yakawaingia watu, na mwenye mafua hatakiwi kuingia bandani kabisa, sembuse kumpulizia mwenzake puani. Alisema hawezi kuapa kwamba yalitoka kwangu. Mimi sihitaji aape. Niliwazungukia wote, Bibi, mmoja baada ya mwingine, na sikumruka hata mmoja.

Amekataza nguruwe yeyote atolewe hapa mpaka wapone wote. Na amesema mtu mzima mwenye kifua dhaifu asikaribie, hata uani. Nilipokuandikia ile barua fupi, Mama alikuwa ameniomba nisikuambie, ungeumwa zaidi. Mimi nilikuwa namwogopa Mjomba. Alishasema banda hili likileta shida moja tu, atauza wote na wewe utabaki mjini moja kwa moja. Bado namwogopa. Lakini nikinyamaza utakuja, na ninakujua, hutamaliza hata kunywa maji kabla hujachuchumaa mbele ya Mwenyekiti. Afadhali ukose nguruwe, Bibi. Wewe sitaki kukukosa.

Dereva leo hakuwa na safari ya huko. Nimemfuata mwenyewe na kumwomba, na amekubali.

Spika


14 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako niliipokea mimi mlangoni, na kwa kuwa dereva alisema ni ya haraka, niliifungua. Nisamehe kwa hilo. Nimemsomea Bibi yako yote. Amekaa kitandani na mkoba wake umefungwa tayari kwa safari.

Ni vizuri ujue ukweli. Jumamosi hakuwa anakuja kukaa. Nilimtafutia mnunuzi, mwenye machinjio, na Bibi yako alikubali awauze wote. Alitaka tu awepo wakati wa kuwapakia. Nilimsihi muda mrefu mpaka akakubali na sikufurahia. Lakini ninamsikia anavyohema akipanda ngazi mbili tu, na najua ndoo zile hatazibeba tena.

Nimemweleza mnunuzi kuhusu ugonjwa. Anasema atawachukua hivyohivyo kwa bei ya chini, mradi apakie kesho kabla habari hazijasambaa. Nimekubali. Jambo hili liishe, Bibi yako atulie, na wewe uendelee na maisha yako.

Akija mfungulie lango. Najua wewe na maneno hampatani. Huna haja ya kumwambia chochote, fungua tu.

Mjomba wako


17 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sikufungua.

Nakuandikia kwa heshima, na ukinikasirikia nitaelewa. Mnunuzi alikuja Jumamosi asubuhi na lori na vijana wake wawili wa kupakia. Mwanzoni aliniita binti mzuri. Kisha akapiga honi. Kisha akasema wewe na yeye mmeshamaliza kila kitu na mimi namchelewesha. Mimi nilikuwa nimeshika komeo kwa ndani. Wageni wakija hapa huwa najificha nyuma ya tangi la maji, unajua. Nililitazama lile tangi, Mjomba, na lilikuwa karibu sana. Akawauliza vijana wake kama mimi ni bubu.

Nikamwambia, "Wanaumwa na hawatoki. Ukiwapakia watakohoa njia nzima, na kila banda utakalosimama utaliachia mafua haya."

Akasema hafundishwi kazi na mtoto. Nikamwambia basi tumpigie daktari wa mifugo, yeye si mtoto, na namba yake ninayo. Ndani ya lori tayari kulikuwa na nguruwe wa watu wengine, wazima, wanachungulia kwenye mbao. Kijana mmoja alikuwa ameshavuta fulana yake mpaka juu ya pua. Alimwambia, "Bosi, mimi nyumbani nina mtoto mchanga." Hawakubishana sana baada ya hapo. Waligeuza lori.

Mama alilazimika kunibandua vidole kwenye komeo. Alikuwa ametoka cherehani na futi ya kupimia kitambaa shingoni, sijui alisimama pale nyuma yangu tangu saa ngapi. Alikuwa ndani kabisa ya ua, na pua hakuishika.

Kuna jingine. Jana Mwenyekiti alizaa kabla ya wakati. Walikuwa tisa na wote hawakuwa hai. Tumewafukia kama daktari alivyoelekeza. Mwenyewe yu hai, anakunywa maji akiwa amelala, kidogo kidogo, nikimshikia beseni. Tafadhali usimwambie Bibi. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno.

Ninachokuomba ni mngoje wapone, ndipo muamue. Wakiwa wazima, na Bibi akisema kwa mdomo wake kwamba anauza, lango nitalifungua mimi.

Mpwa wako


20 Juni

Mke mwenzangu,

Mjomba wako tangu mdogo hajui kuficha. Aliisoma barua yako jikoni amesimama. Akakaa. Akaisoma tena. Kisha akaja kuniuliza kama maji ya kunywa ninayo, na gilasi imejaa mbele yangu anaiona. Nikajua kuna msiba. Nikanyoosha mkono, akanipa karatasi.

Kwa hiyo habari za watoto wa Mwenyekiti ninazo, usihangaike kutafuta maneno. Nimelia kidogo, nikakohoa sana, mkamwana akaja kunisugua mgongo. Ana mkono mzuri, nilikuwa sijui.

Sasa nisikilize. Lawama usiibebe peke yako, mgongo wako bado mchanga. Salamu ile niliianzisha mimi kabla mama yako hajazaliwa. Na uliponiandikia kwamba una mafua, nani alikujibu usiache? Tumepuliza wote wawili.

Na mimi nilikuficha. Nilitaka uwaoshe ili waondoke na heshima zao. Nilikubali kuuza kwa sababu nimechoka kumwona mwanangu ananitazama kifua kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Na nilidhani nakutua mzigo. Umemaliza shule, unangoja majibu ya mtihani, wenzako wanatafuta vyuo na kazi za kukaa kivulini. Nikasema moyoni, huyu yuko bandani kwa sababu anaona haya kukataa. Nikaamua kwa niaba yako. Mjomba wako naye akaamua kwa niaba yangu. Hakuna aliyekuuliza.

Basi nakuuliza leo. Unataka nini? Usinijibu ninachotaka kusikia. Ukisema wauzwe, nitauza na tutabaki wake wenza.

Mjomba wako jana wakati wa chakula amesema, "Kumbe mtoto huyu anaongea." Nikamwambia anaongea tangu zamani, ninyi mmekuwa mkimaliza sentensi zake.

Bibi yako


27 Juni

Bibi yangu mpenzi,

Wameinuka.

Karani ndiye alianza, alisimama akiyumba, akaenda kunusa ukuta kama anaukagua. Kesho yake Mhasibu aliniangushia ndoo. Sikumgombeza, nilikaa kwenye pumba zilizomwagika nikacheka mpaka Mama akaja kuona kuna nini. Sasa wanakula kwa kelele ileile ya zamani, na kikohozi kimebaki kimoja kimoja. Hakuna mwingine tuliyempoteza. Daktari anasema tungoje zaidi kabla ya kusema kimekwisha kabisa.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alipopata nguvu alianza kukusanya maranda kwa pua, anayapeleka pembeni, anayapanga, anarudi kuchukua mengine, kama wanavyofanya wakikaribia kuzaa. Sikumzuia. Alipanga mpaka akamaliza, akalala katikati. Nilikaa nje ya uzio karibu naye mpaka akasinzia.

Swali lako nimelijibu mara nyingi na kuchana. Hili silichani.

Nataka kubaki nao. Si kwa kuona haya. Mwanzoni ilikuwa hivyo, sitakudanganya, mtu anayefuga nguruwe halazimiki kuongea na wageni. Lakini wiki ile walipolala nilikuwa namtambua kila mmoja kwa anavyohema, na nilijua nani anywe kwanza na nani aachwe. Sikuwahi kujua kitu namna hiyo shuleni. Majibu yakija mazuri nitasoma mambo ya mifugo. Yakija mabaya nitasoma kwa daktari, ameniambia naweza kumfuata anapozunguka, mradi nijifunze kuwauliza wenye mifugo maswali kwa sauti inayosikika. Nimemwuliza swali moja kwa majaribio. Alisema nirudie, nikarudia.

Ila sitaki kubaki peke yangu. Nakutaka hapa, Bibi, kwenye kiti nje ya uzio, unatoa amri na mimi nabeba. Ndani hutaingia. Hilo halina mjadala, na ukija na hoja za Mwenyekiti sitazisikiliza. Kwenye mlango wa banda nimebandika sheria: mwenye mafua haingii, hata akiwa mimi. Siku nikiumwa Mama ndiye atawalisha. Amekubali mwenyewe, na ametushonea barakoa kwa vipande vya sare, kwa hiyo tukiwa bandani tunaonekana kama wanafunzi wa shule ambayo haipo. Salamu sasa tunawakuna nyuma ya masikio. Karani anaipenda. Mwenyekiti anaifikiria.

Mjomba nimemwandikia haya haya kwenye karatasi yake, nikamwomba asiuze. Nimeandika jina langu lote chini ili ajue si utani.

Nakupenda. Hilo pia kwenye simu lisingetoka.

Spika


5 Julai

Mpwa wangu,

Daktari wa hospitali amemruhusu Bibi yako kurudi mwisho wa mwezi, kwa masharti: dawa zake azinywe, bandani asiingie, na daktari wako wa mifugo aseme kwanza kwamba kikohozi kimekwisha. Amekubali yote haraka mno, kwa hiyo mlinde. Nitamleta mwenyewe na kitanda chake, na kiti chenye mito mkamwana amekichagua. Wamekuwa marafiki, sasa wananificha chumvi mimi.

Mnunuzi nimemwambia basi. Ameninunia.

Barua yako nimekaa nayo. Umeandika kwamba siku ukiumwa mama yako atawalisha. Dada yangu namjua, nguvu za kubeba maji kutoka bombani mpaka bandani hana, na hata kama anazo, si vizuri mambo yote yawe juu ya watu wawili. Nimepanga kazi yangu upya. Nitakuwa nakuja Jumamosi, si zote, ila nyingi. Utanipangia la kufanya. Nilikulia humo ndani, kabla sijawa mtu wa ofisi, na nafikiri nikishika beleshi mkono utakumbuka. Nikiwa na mafua nitakaa kwangu, sheria nimeielewa.

Naomba unijulishe kama hapo nyumbani kuna gambuti za mguu mkubwa. Zangu nilizitupa siku niliyoondoka, nikidhani sitazihitaji tena.

Mjomba wako